Jiwe la Watu Arobaini

Nchi hii haipo. Niseme mapema, asije mtu akanishika shati. Nimeitafuta kwenye ramani sijaiona, na msomaji akihisi ameitambua, basi hayo ni macho yake, mimi simo.

Katika nchi hii isiyokuwapo, mizigo haikupimwa kwa kilo. Kilo ni kitu cha kigeni, tena hakipigi makofi. Mizigo ilipimwa kwa watu. Kreti ya soda ilikuwa mzigo wa mtu mmoja, kabati la ofisini watu sita, na kiti cha waziri, hata kikiwa cha plastiki, watu kumi na wawili. Wizara ya Nguvu za Umma ilikuwa na kitabu kilichoorodhesha uzito wa kila kitu, na kitabu chenyewe kilikuwa cha watu wanne: wawili wa kukibeba, mmoja wa kukifungua, na mmoja wa kusema "taratibu, taratibu".

Jasho lilikuwa fahari ya taifa. Lilichorwa kwenye nembo, matone matatu yakidondoka kutoka kwenye paji la uso la mtu asiyejulikana. Gurudumu halikukatazwa, maana nchi ilikuwa ya kisasa. Toroli za serikali zilikuwa tele, ila zilibebwa kichwani ili magurudumu yasichakae.

Basi, katika kijiji cha Kiangazini palikuwa na kisima kimoja, na mwanamke aliyekuwa na uchungu na kisima hicho kuliko mtu mwingine yeyote. Aliitwa Bi Siwema binti Mwinchande. Kisima kilichimbwa na baba yake, fundi visima Mwinchande, ambaye katika maisha yake alikaa chini ya ardhi muda mrefu kuliko juu, na alipofariki watu walisema amekwenda tu kazini. Alimwachia bintiye urithi wa vitu viwili. Kimoja ni kapi la mbao lililoning'inia juu ya kisima, kamba ya ndoo ikapita juu yake, hivi kwamba hata ajuza aliweza kuteka maji huku anapiga umbea. Cha pili ni mtaimbo, chuma kirefu kumpita mwenyewe Siwema, kilichong'aa pale ambapo viganja vya baba yake vilikizoea.

"Mwanangu," mzee alikuwa akimwambia, "mzigo haujali una nguvu kiasi gani. Unajali umesimama wapi. Ukisimama karibu na jiwe, jiwe ndilo lenye amri. Sogea mbali, ushike chuma mwishoni kabisa, amri inakuwa yako."

Siwema alikuwa mtoto, akadhani baba anazungumzia mawe tu.

*

Kisha kijiji kikaletewa maendeleo.

Waziri wa Nguvu za Umma, Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Malembeka, alifika na msafara wa magari kumi na moja kuweka jiwe la msingi la Mradi Mkubwa wa Maji. Sheria ilitaka jiwe la msingi liwekwe katikati ya mradi, si kando. Injinia akakunjua ramani, akauliza maji yako wapi. Wanakijiji wakamwonyesha kisima. Injinia akaweka alama ya msalaba. Nguzo zikang'olewa, kapi likatupwa pembeni, na jiwe likaletwa.

Lilikuwa jiwe la watu arobaini, na lilibebwa na Kikosi cha Taifa cha Wabebaji, ambacho kilikuwa na watu arobaini kamili. Kumi walibeba. Kumi na wanane waliimba ili wale kumi wasivunjike moyo. Wanane waliwapangusa jasho wabebaji na kulikinga lisimwagike ovyo, na wanne waliobaki walitembea mbele wakiwaonyesha jiwe njia. Wakalitua juu ya mdomo wa kisima, likaziba tii, usingeweza kupitisha hata unyoya wa kuku.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Malembeka, "miaka yote mmekunywa maji, sikatai. Lakini niwaulize, maji yale yalikuwa na msingi? Hayakuwa na msingi! Mlikuwa mnakunywa tu! Kuanzia leo maji yenu yana msingi!"

Watu wakapiga makofi, maana kikosi kilikuwa kimeleta waongozaji wa makofi. Waziri akanywa maji ya chupa, akaondoka na vumbi lake.

Miaka miwili ikapita. Jiwe likakaa. Watu wa Kiangazini wakawa wanateka maji Mto Ndururu, mwendo wa asubuhi nzima, kushuka korongo na kulipanda. Siku moja Chausiku, wifi yake Siwema, aliteleza kule korongoni na ndoo kichwani, goti likafyatuka. Tangu siku hiyo alitembelea fimbo, na Siwema akawa anakwenda mtoni mara mbili, safari moja yake na nyingine ya wifi. Aliandika barua wizarani. Majibu yalikuja na mihuri mitatu:

"Jiwe litaondolewa mradi utakapokamilika. Mradi utakamilika maji yatakapopatikana. Jiwe litaondolewa na kikosi cha watu arobaini pekee, na kwa sasa kikosi kinaweka misingi kwingine. Mkumbuke kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, na jiwe hili ni lenu."

Siwema aliisoma barua mara mbili. Kisha akaikunja, akawashia moto wa maharage.

*

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne. Maharage yamebandikwa, na maharage ya Kiangazini, kila mtu anajua, hayaivi upesi. Siwema alitoa mtaimbo darini, akaupangusa kwa kanga, akaenda nao kisimani. Chausiku akamfuata akichechemea.

"Wifi, wapi tena na hilo dude?"

"Nakwenda kuteka maji."

"Kwa mtaimbo?"

"Kwa kisima changu."

"Ee Mola wangu," alisema Chausiku. "Lile jiwe la watu arobaini, wifi. Wewe uko mmoja. Tena umekonda."

Siwema alipiga magoti. Alichimbua kijishimo pembeni ya jiwe, akaingiza ncha ya mtaimbo. Akachukua jiwe dogo, saizi ya mkate, akalisukumia chini ya mtaimbo, karibu kabisa na jiwe kubwa. Kisha akarudi nyuma hadi mwisho wa chuma, pale palipong'aa, akaushika na kuuegemea, kama mtu anayeegemea dirisha kumsalimu jirani. 

Jiwe la watu arobaini likanyanyuka.

Halikunyanyuka sana. Siwema alishuka na chuma kutoka kifuani hadi magotini, jiwe likapanda upana wa vidole viwili. Hiyo ndiyo biashara ya mtaimbo: unaupa mwendo mrefu, wenyewe unakupa nguvu, na hakuna anayemdhulumu mwenzake. "Weka kabari!" alisema, na Chausiku, ambaye kinywa kilikuwa bado wazi, akapachika kipande cha gogo. Wakahamia upande wa pili. Vidole viwili vingine. Halafu viwili tena. Jiwe lilipokwisha kukaa juu, wakalilaza kwenye magogo matatu ya mduara yaliyotandikwa kuelekea mteremkoni, na Siwema akalisukuma kwa kiganja. Likabingirika juu ya magogo hatua saba, likatua kwenye majani na kutulia, halina kinyongo.

Maharage yalikuwa hayajaiva.

Kabla ya adhuhuri nguzo zilikuwa zimesimama na kapi limerudi mahali pake. Ndoo ya kwanza alivuta Chausiku mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, goti limenyooshwa. Alivuta kamba kuja chini na ndoo ikapanda juu, na maji yalipotokeza alilia kwa sauti, hakuona haya. Siwema naye alikinga viganja kwenye ndoo. Alinawa uso, akanawa tena.

*

Siku ya tatu alifika Afisa Uzito wa Tarafa, Bwana Fungameza. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni na jozi moja ya viatu vilivyozunguka tarafa nzima kwa miguu. Alilitazama jiwe. Akatazama kisima. Akahesabu hatua kwa miguu yake, saba. Kisha akafungua daftari.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Karibu maji."

"Nimeshakaribia. Jiwe hili limehamishwa na nani?"

"Nimelihamisha mimi."

"Wewe," Fungameza aliandika, "na nani?"

"Mimi na wifi yangu hapa kuweka kabari."

"Huyo nimeambiwa goti lake bovu. Kwa kanuni, mwenye goti bovu hahesabiwi." Akapiga hesabu pembeni ya ukurasa, polepole, ulimi nje. "Jiwe ni la watu arobaini. Nikiondoa wewe, wanabaki thelathini na tisa. Wako wapi?"

"Hawapo, baba."

"Wamekwenda wapi?"

"Hawajakwenda popote. Hawakuwapo."

Fungameza akamtazama kwa huruma. "Bi mkubwa, mimi sikulaumu. Lakini jiwe ni hili hapa, limesogea. Ukisema watu thelathini na tisa hawakuwapo, maana yake kitabu cha wizara kimekosea, na kitabu hakikosei, kina jalada gumu. Kwa hiyo wapo. Swali langu ni dogo tu, umewaficha wapi?"

Siwema alimwonyesha mtaimbo. Fungameza aliandika: *Mtuhumiwa ameonyesha chuma. Chuma hakina kitambulisho.*

"Ngoja nikuonyeshe basi kwa macho yako," alisema Siwema. Akaingiza mtaimbo chini ya jiwe, akaweka jiwe la egemeo.

"Subiri!" Fungameza alipaza sauti. "Kifungu cha kumi na nne. Afisa haruhusiwi kushuhudia tukio ambalo halina fomu." Akaziba macho kwa viganja vyote viwili, akasimama hivyo hivyo juani, muungwana kabisa. Siwema akaegemea chuma kwa mkono mmoja. Jiwe likapanda, likakaa juu kidogo, likashuka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimesikia kishindo," aliandika Fungameza. "Kishindo cha watu wengi."

*

Msako ulifanyika. Walitazama uvunguni, wakatazama ghalani, wakachungulia mtungini kwa tochi ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Hakuonekana mtu. Jambo hilo liliwatia hofu zaidi, maana watu thelathini na tisa wanaojua kujificha namna ile ni hatari kwa taifa. Wilaya ikatuma amri: kama hawaonekani, angalau waandikishwe.

Fungameza akarudi na fomu thelathini na tisa. Siwema alikuwa jikoni, maharage mengine motoni, moshi machoni.

"Ni majina tu, Bi mkubwa," alisema Fungameza. "Fomu haiulizi kama mtu yupo. Inauliza jina, jina la ukoo, na saizi ya shati."

Siwema alikuwa amechoka. Tangu Jumanne ile hakupata siku ya kupumzika kutokana na wageni wa serikali. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Andika Kinu," alisema.

"Kinu," aliandika Fungameza. "Ukoo?"

"Jikoni."

"Kinu Jikoni. Shati?"

"Kubwa."

"Mwingine."

"Mchi Jikoni. Huyo mwembamba. Halafu Mwiko Jikoni, Chungu Jikoni, Ungo Jikoni. Kifuniko, huyo mdogo wake Chungu."

"Ukoo mkubwa, mashaallah," alisema Fungameza, hainui kichwa. Chausiku alikuwa mlangoni ameuma upindo wa kanga asicheke. Vyombo vilipokwisha, majina yalikuwa thelathini na matano, kwa hiyo Siwema akamalizia na Masizi, Moshi, Kijinga na Majivu. Fungameza alipiga muhuri fomu ya mwisho, akaomba kikombe cha maji, akanywa chote, na akaomba kingine. Alikaa kitambo anakitazama kile kikombe kitupu. Kisha akaaga.

Sijui kwenu, lakini katika nchi ile mtu akishaingia kwenye faili hakuna wa kumzuia. Ndani ya mwezi mmoja ukoo wa Jikoni ulikuwa na vitambulisho. Picha zote zilitoka na ukungu, wizara ikaeleza kwamba ni watu wa haya. Gazeti la serikali liliandika habari zao ukurasa wa mbele, jinsi walivyohamisha jiwe bila kudai chakula wala sare. Kinu Jikoni akapewa nishani ya mfanyakazi bora. Mwiko Jikoni akateuliwa kwenye Bodi ya Maji, akasifiwa kuwa mjumbe pekee ambaye hajawahi kuuliza swali, hajasinzia kikaoni na hajaomba gari. Majivu Jikoni alistaafu kwa heshima.

Siwema alicheka mwanzoni. Kila jioni Chausiku alimletea habari mpya, wanacheka hadi mbavu zinauma. Lakini maji yalikuwa yanapatikana, magoti ya watu yalikuwa yanapona, na moyo wa Siwema ulikuwa haujatulia. Aliijua serikali yake. Ikikupa, itakuja kuuliza.

*

Ilikuja. Jiwe la msingi lilikuwa linatimiza miaka miwili na nusu, na Mheshimiwa Malembeka alitaka kusherehekea. Barua ilisema: jiwe lirudishwe mahali pake, juu ya kisima, na lirudishwe na wale wale walioliondoa. Ikishindikana, vifaa vyote vya Bi Siwema vitayeyushwa kutengeneza sanamu ya mbebaji.

"Wifi, tutafanyaje?" aliuliza Chausiku. Safari hii hakuwa na kicheko. Alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili, kama mtu anayemshika mtoto asichukuliwe.

"Sijui," alisema Siwema. Na kwa kweli hakujua. Usiniulize mimi, nami nilikuwa sijui.

Siku ya siku waziri alifika na magari kumi na tatu. Kulikuwa na jambo moja la sheria lililobidi litangulie. Jiwe lisingeweza kuguswa bila azimio la mkutano wa kijiji, na mkutano wa kijiji haukuwa mkutano mpaka wafike watu sabini. Kiangazini walikuwa watu wazima thelathini na wanne tu. Kwa sababu hiyo, tangu nchi ipate uhuru, kijiji hakijawahi kuamua kitu chochote. Wilaya ilikiamulia, kwa moyo mkunjufu.

"Lakini leo!" alinguruma Mheshimiwa Malembeka. "Leo, kwa mara ya kwanza katika historia, akidi imetimia! Thelathini na wanne, jumlisha thelathini na tisa!" Akaelekeza mkono kwenye mabenchi matatu marefu yaliyopangwa kivulini, matupu, yenye vibao vya majina. "Karibuni sana ukoo wa Jikoni! Msiinuke, msiinuke, kaeni!"

Hakuna aliyeinuka. Waongozaji wa makofi wakapiga makofi.

"Hoja ni moja. Jiwe lirudi kisimani. Anayepinga anyooshe mkono. Asiyenyoosha, tunajua amekubali."

Siwema alinyoosha mkono. Chausiku alinyoosha wake na fimbo juu yake. Wanyonge wa Kiangazini wakatazamana, halafu mikono ikaanza kupanda mmoja mmoja, hadi ikatimia thelathini na minne. Haijawahi kuonekana. Wengine walikuwa hawajui hata mkono unanyooshwa hadi wapi.

Karani alihesabu. Kisha akahesabu mabenchini. Huko hakukuwa na mkono hata mmoja.

"Wanaopinga, thelathini na wanne," alisoma. "Wanaokubali, thelathini na tisa. Hoja imepita!"

Siwema alishusha mkono. Ameshindwa, na ameshindwa na kinu chake mwenyewe, na mchi, na ungo aliousuka kwa mikono yake. Alikaa chini. Aliyatazama yale mabenchi kwa hasira ya kweli, kwa muda alisahau kabisa kwamba hapakuwa na mtu. Na alipokuwa anayatazama hivyo, maneno ya baba yake yakamjia, lile neno la wapi umesimama. Akasimama, akarudi nyuma hadi mwisho kabisa wa uwanja, mbali na jiwe.

"Mheshimiwa," alisema, "tumesikia. Wengi wape. Basi waliokubali waanze."

"Waanze!" alisema waziri.

Watu wote wakageukia mabenchi. Ngoma ya kikosi ikapigwa. Ikapigwa tena. Upepo ukapita, ukaangusha kibao cha Kifuniko Jikoni.

"Wanajiandaa," alieleza mkuu wa wilaya.

Wakangoja. Jua likapanda. Waziri akajipangusa jasho, kisha akakumbuka kwamba kuna watu wa kumpangusa, akawaachia. "Bi Siwema," alisema hatimaye, amemfuata kule mwisho wa uwanja, kwa sauti ya chini, "wewe ulikuwa wa arobaini. Hebu wasaidie kidogo na kile chuma chako."

"Chuma gani, Mheshimiwa? Chuma hakina kitambulisho, imeandikwa. Halafu mimi nilipinga. Mkono wangu ulihesabiwa. Nikilishika jiwe sasa, si nitakuwa nimevunja azimio la wengi?"

"Kikosi changu..."

"Kikosi ni chako, baba, lakini amri yako yasema warudishe wale wale walioliondoa. Kikosi hakikuliondoa."

Mheshimiwa Malembeka aligeuka. Aliwaita wataalamu wake kando, wakasimama mduara, na sauti zao zikasikika uwanja mzima. Kusema watu hawa hawapo haikuwezekana, kwani waziri mwenyewe alisaini vitambulisho vyao na kumvisha Kinu nishani. Kusema wamegoma haikuwezekana pia, kwani katika nchi ile mgomo haukuwahi kutokea na kwa hiyo haukuwa na fomu. Watu waliokuwapo, waliokubali, walioamriwa, na ambao hawakugoma, wamefanya nini? Kulikuwa na jibu moja tu.

Waziri alirudi kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nina furaha kuwatangazia kwamba jiwe limerudishwa!"

Waongozaji wa makofi walichelewa kidogo, lakini walipiga. Waziri akakata utepe. Akamkabidhi Ungo Jikoni cheti, akakiweka juu ya benchi na kukigandamizia kokoto kisipeperuke. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa limemchoma na maji ya chupa yameisha, Chausiku alivuta kamba ya kapi na kumletea kikombe cha maji, kutoka kwenye kisima ambacho kuanzia dakika ile kilikuwa kimezibwa rasmi.

"Maji matamu," alisema Mheshimiwa Malembeka. "Yanatoka wapi?"

"Chini ya jiwe, Mheshimiwa," alisema Siwema.

"Mnaona?" aliwageukia wataalamu. "Msingi."

*

Vumbi la magari lilipotulia, alibaki mtu mmoja. Alikuwa Bwana Fungameza, amesimama kando ya jiwe na daftari lake kwapani. Siwema alikuwa anakusanya vibao vya majina, maana mbao nzuri hazitupwi.

"Bado unawatafuta, baba?" alimuuliza.

Fungameza akatazama huku na huku. Kisha akakaa juu ya jiwe, na hilo, kwa kanuni, ni kosa.

"Bi mkubwa," alisema, "siku ile uliponionyesha. Nilifumba macho."

"Nilikuona."

"Nilifumba moja. Lile lingine nilichungulia kati ya vidole." Alikuwa anaichezea kalamu, anaifungua na kuifunga. "Mama yangu yuko Makorongoni. Kwao jiwe lina miaka minne. La zahanati, lakini lilibidi liwekwe mahali penye watu wengi, na penye watu wengi ni kisimani. Nililipima mimi mwenyewe. Watu hamsini, niliandika. Mama ana miaka sabini na miwili, na anakwenda mtoni." Akaifunga kalamu. "Kila nikienda kumsalimu ananiuliza, mwanangu, wewe si mtu wa serikali? Nami namjibu, mama, hao watu hamsini nitawatoa wapi?"

Siwema aliweka vibao chini. Aliingia ndani, akatoka na mtaimbo, akamlazia mgeni wake mapajani chuma kile kirefu.

"Shika mwishoni," alisema. "Hapa panapong'aa. Egemeo likae karibu na jiwe, karibu sana, usiogope. Usikurupuke. Jiwe likipanda vidole viwili, weka kabari, pumua, rudia."

"Na wewe je? Wakija tena?"

"Mimi maji ninayo. Utaurudisha."

Fungameza alisimama. Mazoea ni mazoea, kwa hiyo alifungua daftari, akaandika, akachana karatasi na kumkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaupachika mtaimbo begani na kushika njia ya Makorongoni, kwa miguu, hakuita mtu wa kumsaidia. Miwani ya Siwema ilikuwa ndani, ikabidi Chausiku amsomee:

"Nimepokea kutoka kwa Bi Siwema binti Mwinchande watu hamsini, wote wakiwa na afya njema. Nitawarudisha nikishamtekea mama maji."